Mfungwa wa Vita Si Aibu ya Ukoo



Wapendwa Taifa la Mungu, mwezi Novemba Mama Kanisa hutualika kuwaombea marehemu wetu. Juma hili twapenda kutafakari juu ya ndugu wa koo zetu waliofungwa wakati wa vita. Hao husahaulika upesi, kwa kuwa kwetu neno “mfungwa” hutajwa pamoja na hatia, na familia huona haya kulisimulia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, nchi yetu ilikuwa koloni la Wajerumani. Wamisionari Waingereza waliwekwa kizuizini, pamoja na Waafrika waliosomeshwa nao, kwa kushukiwa kuwa wapelelezi. Mmoja wao alikuwa Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, na kulelewa na ndugu zetu Waanglikana. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani kwa Waingereza. Kosa lake likawa hilo. Alipata uhuru wake Tabora, majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji huo mwezi Septemba 1916.

Sisi wa Malampaka twaifahamu Tabora, kwani ndiko itokako reli ipitayo kituoni kwetu. Lakini reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928. Miaka ile ya vita, aliyechukuliwa kutoka huku alikwenda kwa miguu.

Kayamba hakuuficha ufungwa wake. Mwaka 1922, akiwa karani huko Tanga, alianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Mwaka 1931 alikwenda Uingereza kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Habari za maisha yake, pamoja na kifungo chake, alizisimulia mwenyewe, zikachapwa kitabuni mwaka 1936. Kwa hiyo leo twamjua.

Je, wasioandika? Vita hiyo ilikoma katika nchi zetu tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya kukoma Ulaya, ikiwa imemeza makumi ya maelfu ya wapagazi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 yawaheshimu wote kwa pamoja, lakini haitaji jina la hata mmoja. Majina yamebaki vinywani mwa wazee, na wazee wanatutoka.

Ndugu wapendwa, Mtume Paulo aliandika barua akiwa kifungoni, na Bwana wetu mwenyewe alifungwa kamba akapelekwa kwa Pilato. Minyororo ya asiye na hatia si aibu. Naye Yuda Makabayo alichanga fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya wenzake walioanguka vitani (2 Mak 12).

Basi tunapoandika majina ya marehemu kwa ajili ya Misa za mwezi huu, tuwaulize kwanza babu na bibi: ni nani wa ukoo wetu aliyechukuliwa vitani asirudi? Ni nani aliyerudi akanyamaza? Jina lake liandikwe pamoja na mengine, na watoto wasikie likisomwa.

Mungu awabariki nyote.