Pedeli iliyotengenezewa mtu anayetembea

Abiria aliyefika Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 akitoka upande wa Kenya alishushwa na gari kabla ya forodha. Alikuwa na magunia, pengine mtoto mgongoni, na mbele yake kulikuwa na kipande cha barabara kati ya ofisi za nchi mbili ambacho magari ya abiria hayakukivuka kwa urahisi. Vijana wa pale waliiona shida hiyo, nao walikuwa na baiskeli. Walishona mto mdogo juu ya keria, wakampandisha mteja na mzigo wake, wakamvusha. Hivyo ndivyo ilivyoanza bodaboda, jina ambalo pikipiki zililirithi baadaye na kulisambaza Afrika Mashariki nzima.

Habari hiyo imeandikwa mara nyingi. Mimi nataka kutazama chini kidogo, pale unyayo ulipokutana na chuma, kwa sababu naamini watu wa mpaka huu, kuanzia Busia na Malaba hadi Tororo na vilima vya Osukuru, walilijibu mapema swali ambalo waendesha baiskeli wa Ulaya walihangaika nalo karibu karne nzima: pedeli ya namna gani itamfaa mtu anayenyonga baiskeli na kutembea kwa kiatu kile kile?

Baiskeli yenyewe ilikuwa ile nyeusi, nzito, ya fremu ndefu, ambayo nchini Kenya inaitwa Black Mamba. Kwa muda mrefu iliyosifiwa zaidi ni Raleigh ya Nottingham. Baadaye zikaja kwa wingi Hero na Avon za Ludhiana, India, na Phoenix ya Shanghai. Zote zilifuata mchoro mmoja, na pedeli zake zilifanana: mhimili wa chuma katikati, mbavu mbili za chuma, na vipande viwili vya mpira mgumu vilivyoshikwa kwa skrubu ndefu. Pedeli hiyo ilichorewa karani wa Uingereza aliyekwenda ofisini na viatu vya ngozi, asitake soli yake ichanwe. Hakuna aliyemfikiria kijana wa Kiteso mwenye akala na kilo nyingi za sukari nyuma yake. Lakini ilimfaa kuliko ilivyomfaa karani.

Kazi ya bodaboda ya mpakani haikuwa kunyonga tu. Nusu yake ilikuwa miguu. Unashuka kwenye foleni, unasukuma. Unamsubiri mteja agongewe muhuri. Unapandisha gunia, unalifunga kwa kamba za mpira, unakimbia hatua tatu ukiisukuma baiskeli ndipo unaruka juu. Mlima ukizidi unashuka tena, na atokaye Tororo kuelekea Osukuru anavijua vilima hivyo. Katika miaka ya Idi Amin, bidhaa zilipoadimika Uganda na magendo yakawa tegemeo la wengi, baiskeli zilipita njia za panya usiku zikiwa na kahawa upande mmoja na sabuni au chumvi upande wa pili. Kwa safari kama hiyo, pedeli inayodai kiatu chake maalumu ingekuwa mzigo juu ya mzigo.

Viatu vilikuwa vyovyote vilivyopatikana: ndara, akala za tairi, gambuti wakati wa masika, raba kwa aliyejaliwa, na wengine miguu mitupu. Mpira wa pedeli ulivipokea vyote. Ulipokwisha, fundi wa kando ya barabara alikata vipande vya tairi la gari, akavitoboa na kuvifunga kwa boliti mahali pa ule wa zamani. Hapo ungeona akala ya tairi juu ya pedeli ya tairi, mpira kwa mpira, na mvua ikinyesha mguu hautelezi. Maskini zaidi aliendelea na mhimili mtupu, akiukanyagia katikati ya unyayo. Hilo liliumiza. Watu hulisahau wanaposifu uvumilivu wa vijana wale.

Ulaya ilichukua njia nyingine. Tangu John Kemp Starley alipotoa Rover mwaka 1885, baiskeli yenye mnyororo wa kuendesha gurudumu la nyuma, pedeli ziligawanyika: za mpira kwa watu wa mjini, za chuma chenye meno kwa wakimbiaji. Wakimbiaji wakaongeza kikombe cha vidole na mkanda wa ngozi wa kukaza mguu. Kisha mwaka 1984 kampuni ya Kifaransa ya LOOK, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, ikahamishia ufundi huo kwenye pedeli: kipande kinachofungwa chini ya soli, kikinasa kwa kukanyaga na kuachia kwa kupinda kisigino nje. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda nazo Tour de France, na mashindano hayakurudi nyuma tena.

Tatizo likabaki ardhini. Kipande kile kilijitokeza chini ya soli, na bingwa aliposhuka alitembea kama bata. Mwaka 1990 Shimano ya Japani ikaleta mfumo wa SPD kwa baiskeli za milimani: chuma kidogo kilichozamishwa ndani ya soli ya mpira, ili mwenye kiatu aweze kushuka, kusukuma na kupanda tena. Baadaye zikaenea pedeli za pande mbili, upande mmoja unanasa, upande wa pili ni bapa kwa raba ya kawaida. Yaani baada ya kuufunga mguu, mafundi walilazimika kumkumbuka mtu anayetembea. Mpakani hakuwahi kusahauliwa.

Busia ina sura nyingine ya historia hii, nayo ninaiheshimu sana. Watu wenye ulemavu wa miguu walijipatia kazi ya kuvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Kwao pedeli ni mshikio, iko mbele ya kifua, na swali la kiatu halipo kabisa. Mizigo waliyovusha ilikuwa mikubwa, na biashara ya mji huo inawadai shukrani.

Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya abiria. Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, kasi iliongezeka. Na vituo vya pamoja vya forodha, kile cha Busia kikizinduliwa rasmi mwaka 2018, vikapunguza kushuka na kupanda. Lakini baiskeli hazijaondoka, na pamoja na zile nyeusi sasa kuna za mitumba kutoka Ulaya na Japani, baadhi zikiwa na pedeli za kunasa ambazo mnunuzi hajui la kufanya nazo.

Kubadilisha ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Uzi wa inchi 9/16 walioutumia Waingereza ndio uliobaki kipimo cha kawaida duniani, kwa hiyo pedeli mpya nyingi zinaingia kwenye kranki ya baiskeli nyeusi. Kumbuka tu kwamba ya kushoto hufungwa kwa kuzungusha kinyume. Ukiilazimisha utaharibu kranki.

Kwa anayenyonga kutoka Tororo mjini hadi Osukuru kila siku, ningeshauri pedeli bapa, pana, yenye vijino vifupi, na raba yenye soli ngumu kiasi. Soli laini ya kukimbilia hupinda juu ya pedeli na kuchosha unyayo, na vijino virefu hukata ndara. Kijana anayeanza mashindano lakini baiskeli ni hiyo hiyo ya kwendea sokoni, atafute ya pande mbili, na ahakikishe upande bapa una mshiko wa kweli, maana nyingine ni chuma laini kinachoteleza mvua ikinyesha. Kabla ya kulipa, ishike kwa vidole na uizungushe. Ikikwaruza, gololi zimekwisha au hazina grisi. Ikicheza kushoto na kulia, mrudishie mwenyewe.