Kumbukumbu inayopiga hesabu: wazo lililosubiri nusu karne

Uchakataji ndani ya kumbukumbu ni mbinu ya kuunda kompyuta ambamo hesabu hufanyika palepale data inapohifadhiwa. Katika kompyuta za kawaida, zinazofuata muundo ulioelezwa na John von Neumann mwaka 1945, kichakataji na kumbukumbu hukaa mbalimbali, na data yote hupita katika njia inayoviunganisha. John Backus, alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1977, aliifananisha njia hiyo na shingo ya chupa.

Dawa ilikuwa imekwisha kutajwa. Mwaka 1970 Harold Stone alichapisha makala iliyopendekeza kutia saketi za kukokotoa ndani ya kumbukumbu ndogo iliyo jirani na kichakataji. Lakini vichakataji viliendelea kuongezeka kasi, na wazo hilo likakosa wa kulihitaji.

Hali ilibadilika miaka ya 1990. Mwaka 1995 William Wulf na Sally McKee, wa Chuo Kikuu cha Virginia, walionya kuwa kasi ya vichakataji inaiacha nyuma ile ya kumbukumbu, na pengo hilo wakaliita ukuta. Peter Kogge wa IBM alikuwa ameunda EXECUBE, chipu ya kumbukumbu yenye vichakataji 8, na huko Berkeley David Patterson akaongoza mradi wa IRAM, wenye lengo lilelile. Kikwazo kikubwa kilikuwa kiwandani. Chipu ya DRAM, yaani aina ya kumbukumbu kuu ya kompyuta, hutunza kila biti kama chaji ndani ya kapasita ndogo mno, hivyo hutengenezwa kwa transista zisizovujisha umeme. Kichakataji hutaka transista zenye kasi na tabaka nyingi za nyaya. Kuviweka pamoja kulipunguza kasi ya kimoja au kuongeza gharama ya kingine.

Akili unde ndiyo iliyolifufua wazo hilo, kwa kuwa hudai data nyingi mno kwa hesabu nyepesi, na kuisafirisha data hiyo hula umeme mwingi kuliko kuikokotoa. Kampuni ya UPMEM ya Grenoble, Ufaransa, iliunda chipu za DRAM zenye vichakataji 8 kila moja. Kadi ya chipu 16 ina vichakataji 128, kila kimoja na megabaiti 64 zake. Samsung ilitangaza kumbukumbu ya aina hii Februari 2021, na SK hynix ikafuata Februari 2022.

Upande wa programu bado ni mgumu. Vichakataji vya UPMEM huandikiwa programu kwa lugha ya C, lakini haviwezi kuwasiliana moja kwa moja: matokeo hupitia kichakataji kikuu. Mwandishi wa programu hulazimika kuigawa data mapema, na kuzidisha namba za desimali hufanywa na programu, polepole. Kwa sababu hiyo mbinu hii hufaa zaidi kazi za kusoma data nyingi kwa hesabu rahisi, kama vile kutafuta rekodi katika hifadhidata.