Mpango na Imani Katika Uongozi wa Kazi: Ubungo, 1968 hadi 1973

Suala la uongozi mahali pa kazi ni suala la siasa kabla ya kuwa suala la ufundi. Meneja anaweza kuwa hodari wa kupanga zamu, kuagiza pamba na kupiga hesabu za gharama, na bado asiweze kuongoza. Kwani mipango yote hiyo hutekelezwa na watu, na watu hutazama kwanza ni nani anayewaagiza na kwa nia gani. Kwa upande wa pili, kiongozi anayependwa na kila mtu lakini hana mpango huwapeleka watu wake shimoni huku wanamshangilia. Jambo hili tunapenda kulichunguza katika historia na si katika nadharia tupu, na mahali tunapopachagua ni Ubungo.

Katika miaka ya 1960 Ubungo ilikuwa bado pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro. Kilimani palihamia Chuo Kikuu mwaka 1964. Bondeni kikafunguliwa Kiwanda cha Nguo cha Urafiki mwaka 1968, na baadaye kidogo kiwanda cha zana za kilimo, kilichotengeneza majembe. Kwa hiyo, katika mwendo wa miguu usiozidi saa moja, walikuwapo vijana waliosoma vitabu juu ya tabaka la wafanyakazi na walikuwapo wafanyakazi wenyewe. (Kukaa jirani si kufahamiana, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

Urafiki ulijengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China. Ulikuwa kiwanda kamili: pamba iliingia mlango mmoja, ikasokotwa, ikafumwa, ikatiwa rangi na kuchapwa, ikatoka khanga na kitenge. Wakati ule ule Mwanza kilijengwa kiwanda cha Mwatex kwa mitambo na utaalamu wa Kifaransa. Mwatex ilitegemea zaidi mitambo ya gharama kubwa na mikono michache. Urafiki ulitegemea mikono mingi zaidi na mitambo iliyo rahisi kufundishika. Wachumi wengi wameulinganisha uamuzi huo kwa shilingi na senti. Sisi tunaona kwamba ulikuwa pia uamuzi juu ya imani. Anayechagua mtambo ambao kijana wa Manzese au wa Kisarawe anaweza kuujua na kuutengeneza ameamua tangu kwenye mchoro kwamba kijana huyo anaaminika. Anayechagua mtambo ambao ni mgeni peke yake anayeweza kuufungua ameamua kinyume chake, hata akihutubia vipi juu ya ushirikiano.

Zhou Enlai alipotangaza kanuni nane za misaada ya China mwaka 1964, mojawapo ilisema kwamba wataalamu wa Kichina wataishi kwa hali ile ile ya wataalamu wa nchi wanayoisaidia, bila ya kudai makuu; nyingine ilitaka wenyeji wafundishwe mpaka waimudu kazi wenyewe. Tusiwe watoto: kanuni hizo zilikuwa pia silaha ya siasa katika mashindano na Marekani na Urusi. Lakini mbinu hiyo ilijua jambo ambalo mameneja wetu wengi hawakulijua, yaani kwamba namna ya kuishi kwa kiongozi ni sehemu ya mpango wake wa kazi.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Azimio la Arusha la 1967 liliiweka njia kuu ya uchumi mikononi mwa umma. Mwenye mali alibadilika, lakini ofisi ya meneja haikubadilika. Kiti kilikuwa kile kile, kengele ya kumwitia tarishi ile ile, na mara nyingi hata lugha ya kumkemea mfanyakazi ilikuwa ile ile. Mfanyakazi aliambiwa kwamba sasa kiwanda ni chake. Akaenda kukitazama kilicho chake, akakuta mlango wa hesabu umefungwa. Chama chake cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa kimeundwa kwa sheria mwaka 1964, na katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Mgomo ulikuwa umezungukwa na taratibu za usuluhishi hata ukawa hauwezekani kwa njia halali. Mishahara nayo ilibanwa na sera ya mwaka 1967. Mpango ulikuwapo, na tunakiri kwamba haukuwa wa kijinga: nchi maskini haiwezi kula mbegu zake. Lakini uliomba imani bila ya kuweka rehani yo yote.

Mwalimu Nyerere aliliona pengo hilo. Tarehe 10 Februari 1970 alitoa Waraka wa Rais Na. 1, ulioagiza Mabaraza ya Wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Ndani ya baraza walikaa pamoja meneja na wakuu wa idara zake, viongozi wa tawi la TANU na wajumbe wa wafanyakazi, nao wakajadili uzalishaji, ubora wa bidhaa, mipango na mishahara. Ni hatua kubwa, na katika Afrika ya wakati ule zilikuwa nchi chache zilizothubutu. Hata hivyo kazi ya baraza ilikuwa kushauri tu. Uamuzi ulibaki kwa meneja na bodi. Mjumbe aliyetoka kwenye mtambo usiku, macho mekundu, aliwekewa mezani karatasi za takwimu zilizoandikwa kwa Kiingereza, akaulizwa kama ana maoni. Atakuwa na maoni gani? Kumshirikisha mtu bila ya kumpa habari ni kumtafuta shahidi, si mwenzi.

Ndipo ukaja Mwongozo wa TANU, Februari 1971, baada ya Guinea kuvamiwa Novemba 1970 na Idi Amin kutwaa serikali ya Uganda Januari 1971. Waliouandika walikuwa wakifikiri juu ya ulinzi wa nchi. Hoja yao ilikuwa ya kimkakati kabisa: serikali ambayo wananchi hawaioni kuwa yao haina wa kuilinda. Kwa ajili hiyo kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi wa Tanzania majivuno, dharau na uonevu, na cha 28 kikataka watu washiriki katika kufikiri na kupanga maendeleo yao. Viongozi wengi walikisoma kifungu cha 15 kama nasaha. Wafanyakazi walikisoma kama sheria.

Migomo iliyofuata kati ya 1971 na 1973, katika viwanda na mashirika ya Dar es Salaam na kwingineko, ilikuwa na sura ambayo wataalamu wa kazi hawakuizoea. Mara nyingi dai la kwanza halikuwa nyongeza ya mshahara. Dai lilikuwa kwamba meneja fulani anatukana watu, anapendelea, anafuja mali, basi aondoke. Wafanyakazi walimfungia nje meneja, na wakati mwingine waliendelea na kazi bila yeye. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, cha mtu binafsi, walimtoa mwenyewe na kukiendesha. Hapo Serikali iliridhia. Wengine walipotaka kufuata njia hiyo hiyo, ilisema basi, na polisi wakaitwa.

Wako wanaoshikilia hata leo kwamba Mwongozo uliua nidhamu ya kazi. Hatukubaliani nao, ingawa hawakosi hoja: Mwalimu mwenyewe, akipima miaka kumi ya Azimio mwaka 1977, alilalamikia ulegevu kazini. Lakini waangalie mfuatano wa mambo. Nidhamu ya woga iliondolewa, na ilistahili kuondolewa. Nidhamu ya kuelewa ilitakiwa ijengwe mahali pake, nayo hujengwa kwa kumwonyesha mfanyakazi kitabu cha hesabu, kumweleza kwa nini vipuri havikuja, na kumkubalia kwamba swali lake linaweza kubadili uamuzi. Kazi hiyo ilianzwa mabarazani na kuachwa njiani. Waliofukuzwa kazi kwa ajili ya migomo hawakuwa wavivu wa kiwanda. Wengi walikuwa wale waliokuwa wakisoma Mwongozo kwa sauti.

Miaka ya baadaye ilikuwa mibaya kwa wote: vita ya Kagera ya 1978 na 1979, uhaba wa fedha za kigeni, vipuri kukosekana, kisha soko kufunguliwa na mitumba kujaa. Mwaka 1997 Urafiki uliendeshwa upya kama kampuni ya ubia, upande wa China ukiwa na hisa asilimia 51 na Serikali ya Tanzania asilimia 49. Katika mgawanyo huo hapakuwa na fungu la wafanyakazi.