Upana, Herufi na Upatanisho: Kiswahili cha Kiolesura kutoka Jambo OpenOffice hadi LibreOffice

Utangulizi

Katika kivuko cha Petite Barrière, kati ya Gisenyi na Goma, wafanyabiashara wadogo huvuka kwa miguu kila siku, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua kuwa lugha ya taifa. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Ili hadhi hiyo ifike kwenye skrini za ofisi za mpakani, sharti tujue yanayoyapata maneno ya Kiswahili programu inapohamishwa kutoka kiunzi kimoja hadi kingine. Makala haya yanachunguza suala hilo kupitia historia ya programu moja ya ofisi.

Upana na herufi za mkato

Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice.org. Katika kiunzi cha wakati huo, vitufe na lebo vilipangiwa mahali na upana kwa namba. Tafsiri iliyozidi upana huo ilikatwa, hata istilahi ilipokuwa sahihi.

LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010, baadaye ilianza kuhamishia visanduku vyake kwenye kiunzi kinachopima maandishi kwanza, kisha kugawa nafasi. Tatizo la upana likapata dawa. Hata hivyo, alama ya kuonyesha herufi ya mkato ilibadilika kutoka ~ kuwa _, hivyo tafsiri za zamani zilihitaji kurekebishwa. Tena, Hifadhi na Hamisha huanza kwa H. Yakiwa katika menyu moja, mtafsiri hana budi kuteua herufi nyingine ndani ya neno mojawapo.

Upatanisho

Kasoro ya tatu haitibiwi na kiunzi chochote. Programu inayounga jina lolote na kitenzi kimoja huenda ikafaa kwa Kiingereza, lakini Kiswahili hudai mzigo umekaguliwa, gari limekaguliwa, bidhaa imekaguliwa. Mhandisi anayejaribu dirisha jipya ataona kitufe kilichokatwa. Hataona kiambishi kisicholingana na ngeli. Fomu ya forodha yenye kosa hilo itapita majaribio yote ya kiufundi na bado itamwaibisha msomaji wake.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa uhamishaji hutatua matatizo yanayoonekana kwa macho na kuyaacha ya kisarufi. Kwa hiyo, tunapendekeza mambo matatu: tafsiri zihifadhiwe nje ya programu pamoja na maelezo ya muktadha, ujumbe uandikwe kama sentensi kamili kwa kila ngeli inayohusika, na kila mkataba wa kuhamisha programu za umma utenge fedha za mwanaisimu kukagua upya skrini zote. Bila hayo, kila kiunzi kipya kitatulazimisha kuanza upya.