Mwiba wa Kujichoma

Mwaka 1928, jijini Paris, mwanamke mmoja mbunifu wa mavazi alikwenda kwa daktari mpasuaji kwa sababu hakuipenda miguu yake. Haikuwa inauma wala haikuwa na ugonjwa wowote. Aliona vigimbi vyake ni vinene mno, akataka vipunguzwe. Daktari, aliyeitwa Dujarier, alikuwa na jina katika fani yake, naye akakubali. Baada ya upasuaji mguu mmoja haukupona. Nyama ilianza kufa, na mwishowe mguu ukakatwa.

Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na kesi iliyofuata ni sehemu ya utafiti wangu. Kila ninapoisimulia darasani au kwenye daladala na rafiki, swali la kwanza huwa lile lile: kwani nani alimtuma?

Historia ina jibu la sehemu. Kwa karne nyingi magauni ya wanawake wa Ulaya yalishuka hadi kwenye vifundo. Katika miaka ya 1920 pindo lilipanda, na ilipofika katikati ya muongo huo lilikuwa karibu na magoti. Sehemu ya mwili ambayo bibi yake hakuwahi kuulizwa habari zake sasa ilitazamwa na kila mpita njia. Kwa mtu ambaye riziki yake ilikuwa mitindo, hilo halikuwa jambo dogo.

Upande wa madaktari nao ulikuwa umebadilika. Vita Kuu ya Kwanza iliwarudisha nyumbani askari wenye taya na pua zilizosagwa, na katika hospitali ya kijeshi ya Val-de-Grâce, Paris, wapasuaji kama Hippolyte Morestin walijifunza kuziunda upya nyuso hizo. Vita vilipokwisha, ujuzi ulibaki. Daktari Suzanne Noël, ambaye naye alitibu majeruhi wa vita, alichapisha mwaka 1926 kitabu kuhusu upasuaji wa urembo na kazi yake katika jamii. Alitetea kwamba kwa wanawake wengi sura ilikuwa suala la ajira: mwenye makunyanzi aliweza kukosa kazi. Kwa hiyo mwanamke wetu hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mtu wa wakati wake, katika jiji lililokuwa na wapasuaji na lenye sababu za kuwaendea.

Alimshitaki daktari. Mwaka 1929 mahakama ya ngazi ya kwanza ilimpa ushindi na fidia ya faranga 200,000. Lakini tazama hoja yake. Majaji walisema kwamba kufanya upasuaji wenye hatari ya kweli kwenye kiungo kizima, kwa lengo la kurekebisha umbo tu, ni kosa tosha. Yaani hata kama daktari angeshona vizuri kuliko wote duniani, kosa lilikwishatendeka alipokubali. Mwanamke alilipwa, ila alilipwa kama mtoto aliyeachiwa kuchezea kisu. Matakwa yake yalihesabiwa kuwa upuuzi ambao mtu mzima mwenye akili, daktari, alipaswa kuukataa.

Shauri lilikwenda Mahakama ya Rufaa ya Paris, na mwaka 1931 daktari alishindwa tena. Safari hii sababu ilikuwa tofauti. Majaji wa rufaa hawakusema tena kwamba kuugusa mwili mzima ni kosa. Walisema kosa lilikuwa kutomweleza mgonjwa hatari zilizokuwa mbele yake, hatari ambazo hazikulingana na faida aliyoitafuta. Aliyeshinda alikuwa yule yule, lakini swali la kesi lilikuwa limehama. Mwanzo waliuliza kama alikuwa na haki ya kutaka. Mwisho wakauliza aliambiwa nini.

Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko faranga zote, kwa sababu swali la kwanza bado tunaishi nalo. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mama yangu mdogo anaujua uzito wa methali hiyo. Alifanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta tumboni, na baada ya siku chache kidonda kikaanza kutoa usaha. Nyumbani alisema ametolewa uvimbe. Hospitali ya pili alikokimbilia alisema hivyo hivyo. Wauguzi walimhudumia kwa siku mbili wakifuata habari isiyo ya kweli, huku homa ikipanda. Aliogopa pole ambayo asingeipata kuliko alivyoogopa kidonda.

Si kila kidonda kinachooza ni ushahidi wa uzembe. Maambukizi humpata hata mgonjwa wa daktari makini. Mwaka 1936 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa, katika kesi ya Mercier, iliweka msingi ambao bado unasomeshwa: daktari haahidi kuponya, anaahidi uangalifu unaolingana na elimu ya wakati wake. Ndiyo maana maswali yenye maana huwa ya kawaida tu. Alielezwa hatari gani? Nani alimfuatilia baada ya upasuaji? Alipopiga simu kusema ana homa, alijibiwa nini, na iliandikwa wapi?

Mwaka 2002 Ufaransa ilitunga sheria inayomtaka mpasuaji wa urembo ampe mteja makadirio ya gharama kwa maandishi na kumweleza hatari, na baadaye muda wa chini wa kusubiri kabla ya upasuaji ukawekwa kuwa siku 15. Ni muda wa kulala, kuamka, kuuliza, na kughairi ukitaka. Sheria hiyo haimwulizi mtu kwa nini hapendi miguu yake.

Mama mdogo amepona, ingawa kovu linamvuta anapoinama. Wiki iliyopita aliniomba nimsaidie kuandika barua kwa kliniki ile. Hatukuandika neno uzembe, kwa sababu hatujui bado. Tuliomba nakala ya faili lake lote, na tukauliza mambo matatu: alielezwa nini, lini, na nani. Aliisoma mara mbili, akatia sahihi jina lake kamili.