Kaburi la Pauni Moja: Historia Ndani ya Riwaya ya Wafu

Katika semina yetu ya fasihi linganishi mwenzetu mmoja alifunga riwaya ya Cré na Cille ya Máirtín Ó Cadhain, akasema: "Hii si riwaya bwana, haya ni matusi ya vikongwe." Darasa zima likacheka, mhadhiri naye akacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, maana yale matusi nilikuwa nimeyasikia nyumbani kwetu, na sababu nitaieleza. Katika makala hii nataka kudai kwamba matusi yale ni historia, tena historia ambayo haimo katika vitabu vya historia vilivyoko maktabani kwetu.

Kwa ambao hawajaisoma: jina lake kwa Kiswahili lingeweza kuwa Udongo wa Makaburini. Wahusika wote ni maiti. Wamelala katika makaburi ya kijiji cha Connemara, magharibi ya Ireland, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Msimulizi hayupo. Kuna sauti tu zinazogombana gizani katika vipindi kumi, na msomaji ndiye anayejipangia nani anasema nini (mimi nilianza upya mara mbili). Caitríona Pháidín, mwenye miaka 71, kazikwa sasa hivi. Jambo la kwanza linalomsumbua si Mungu wala moto wa jehanamu. Anataka kujua kama mwanawe kamzika katika kiwanja cha pauni moja au katika kile cha shilingi 15!

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hahitaji kufafanuliwa shilingi, maana ile ya Kiingereza ndiyo iliyozaa hii yetu, iliyoanza kutumika huku mwaka 1921. Pauni ni shilingi 20. Makaburini mle kuna viwanja vya bei tatu: pauni moja, shilingi 15, na nusu gini, yaani shilingi 10 na peni 6. Wafu wanajipanga kwa bei hizo, wanaunda vyama, wanafanya hata uchaguzi. Piga hesabu: baina ya aliye juu kabisa na aliye chini kabisa kuna shilingi 9 na peni 6 tu. Wenzetu wanaotafuta mabwanyenye na makabwela katika kila kitabu watapata taabu hapa, kwa sababu karibu wote waliolala mle ni makabwela. Wakulima wa vishamba vya mawe, wavuvi, mwalimu wa shule. Na ndiyo maana vita ni vikali. Asiye na ng'ombe wa kumzidi jirani humzidi kwa jeneza.

Lakini kwa nini kaburi? Kwa nini isiwe nyumba au nguo? Hapa ndipo wahakiki wanaoona kichekesho peke yake wanapopotea, kwa maoni yangu. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, chakula cha maskini wa Ireland, wakati nchi ikiwa chini ya Uingereza. Katika miaka ya Njaa Kuu iliyofuata walikufa watu wapatao milioni 1, na wengine kama milioni 1 wakahama nchi. Huko Skibbereen, kusini magharibi, maelfu walitupwa katika mashimo ya pamoja bila jeneza. Palikuwa na majeneza yenye kitako cha bawaba: maiti anapelekwa shimoni, kitako kinafunguka, anadondoka, jeneza linarudi kumchukua mwingine.

Sasa rudi kwa Caitríona. Mtu wa miaka 71 katika vita vya Hitler alizaliwa karibu mwaka 1870. Wazazi wake ni watoto wa njaa ile. Ó Cadhain hasemi hivyo popote, ni mimi ninayesema, lakini naona kwamba bibi yule anapopiga kelele juu ya pauni moja anatetea jambo ambalo kizazi cha nyuma yake kilinyang'anywa: kuzikwa peke yako, kwa jina lako, na watu wakuone. Tukicheka, tucheke tukijua hivyo.

Baada ya kaburi wanagombea mkesha. Mazishi ya Kiayalandi ya zamani yalikuwa na kukesha na maiti nyumbani, tumbaku na viko vya udongo kwa kila mgeni, pombe (pamoja na gongo yao, poitín), hadithi, na michezo ambayo mingine haiandikiki humu. Wanawake walioimba maombolezo walikuwako, na wengine walilipwa. Maaskofu walipiga marufuku mambo hayo karne baada ya karne, na huko kurudia marufuku kunaonyesha jinsi yalivyotiiwa. Katika riwaya, wafu wanahesabiana mapipa ya bia yaliyonyweka matangani mwao na mapadri waliohudhuria. Kila maiti mpya akishushwa anadakwa kwa maswali: nani kaja, nani hakuja, msalaba wangu je? Mwalimu anaambiwa kwamba mjane wake kaolewa na tarishi wa posta. Na Caitríona anauliza habari moja tu kwa mdomo tofauti: Nell kafa? Nell ni mdogo wake, ndiye aliyeolewa na Jack, mwanamume ambaye Caitríona alimtaka. Wanagombea pia wasia wa dada yao Baba aliyeko Marekani. (Baba ni jina la mwanamke huko, msichanganyikiwe.) Vijiji vile viliishi kwa fedha za waliohama, kwa hiyo hata wivu wa ndugu unangojea barua kutoka ng'ambo.

Mwandishi mwenyewe hakuwa mtalii wa umaskini huo. Alizaliwa huko huko Connemara mwaka 1906, akawa mwalimu, akafukuzwa kazi mwaka 1936 kwa sababu ya IRA, akawekwa kizuizini kambi ya Curragh tangu 1940 hadi 1944. Riwaya ilipata tuzo mwaka 1947, ikachapishwa gazetini kwa mfululizo mwaka 1949. Aliiandika kwa Kiayalandi cha kwao, na wenye kusoma lugha hiyo walikuwa wachache, maana njaa na uhamiaji viliwapiga zaidi wasemaji wake. Tafsiri ya Kinorwei ilitoka mwaka 1995. Ya Kiingereza, kwa wasomaji wa kawaida, ilingoja hadi 2015! Kwa miaka 60 ulimwengu ulimsifu Juan Rulfo kwa wafu wake wanaonong'ona katika Pedro Páramo ya mwaka 1955, na ni haki yake, lakini wafu wa Ó Cadhain walikuwa wanapiga kelele tangu miaka sita nyuma. Hilo nawaachia wenzangu wanaodhani kwamba kisichokuwako kwa Kiingereza hakijaandikwa.

Nilisema nitaeleza. Bibi yangu alipofariki kamati ya mazishi ilinipa daftari la michango kwa kuwa mimi ndiye "msomi". Usiku shangazi na baba mdogo waligombana kwa sauti ya chini, maiti akiwa chumba cha pili, juu ya kujengea kaburi kwa marumaru au saruji tupu. Mzee wa jirani alikuwa kajengewa marumaru. Asubuhi niliagizwa nisome majina na kiasi, kwa sauti. Nikasoma. Nilipofika kwa mama mmoja mjane, shilingi 2,000, mtu nyuma alicheka, na mimi, kwa aibu au kwa ujinga, nikatabasamu. Yule mama alikuwa amekaa mkekani, karibu kabisa. Aliangalia miguu yake.

Nilipomsikia Caitríona akimdharau wa nusu gini nilikumbuka miguu ile, nikakifunga kitabu hadi kesho yake.

Marumaru yaliwekwa. Daftari analo shangazi, kabatini, limefungwa katika kitambaa. Pakitokea msiba kwa jirani hulitoa, hutafuta jina kwa kidole, huangalia walitoa ngapi kwa bibi, ndipo hufungua pochi.