Meza ya Mawe na Chuma: Mabaki ya Mpango wa Karanga Nachingwea na Ruangwa

Aghalabu Mpango wa Karanga husomwa katika karatasi. Mwanafunzi hufungua taarifa za serikali ya Uingereza, huhesabu ekari na pauni, hucheka kidogo, kisha hufunga kitabu. Ni nadra kuambiwa kwamba mpango ule, kabla ya kuwa shughuli ya karanga, ulikuwa shughuli ya vyuma na mawe, na kwamba vyuma na mawe hayo hayakupanda meli pamoja na mabwana walioyaleta. Katika insha hii nataka kuutazama mpango huo kwa upande wa mabaki yake katika nchi ya Wamwera, yaani Nachingwea na Ruangwa, na kuyapima mabaki hayo kwa kitu kimoja kidogo: meza ya kuwekwa nje, yenye uso wa jiwe lililookotwa na fremu ya chuma kilichokwisha kazi yake ya kwanza. Msomaji atauliza meza ina uhusiano gani na historia. Namwomba subira.

Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mitambo, na mwaka huo huo John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, aliongoza ujumbe wa watu watatu kuitazama nchi. Walitazama sehemu kubwa kutoka angani. Taarifa yao ilitaka ekari zaidi ya milioni tatu zisafishwe, na sehemu kubwa ya ekari hizo iwe Tanganyika. Palichaguliwa mahali patatu: Kongwa, Urambo, na Jimbo la Kusini, ambako makao yake yaliwekwa Nachingwea.

Chuma kilikuja kwa namna ya ajabu. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyotumiwa na jeshi la Marekani, yakiwa yamelala Ufilipino. Mengi yao yaliharibika muda mfupi baada ya kuanza kazi. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, ikaviondoa mizinga na deraya, ikavigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Navyo havikufaa sana. Kilichofaa zaidi kuangusha miti kilikuwa minyororo ya nanga za meli: tingatinga mbili zilikwenda sambamba zikiburuta mnyororo katikati yao, na pori likalala chini. Wanafunzi wangu hucheka wakisikia kifaru kikilima na nanga ikikata miti mbali na bahari. Mimi naona jambo jingine hapo. Mpango wote, tangu mwanzo, uliundwa kwa vitu vilivyookotwa kutoka kazi nyingine. Fundi wa kijijini anayeokota chuma chake leo hafanyi jambo ambalo wataalamu wa mpango hawakulifanya kwanza. Tofauti ni kwamba yeye hulipima jiwe na chuma kabla ya kuanza.

Ili mizigo ifike Nachingwea palihitajika njia. Bandari ya Lindi haikuwa na kina cha kutosha meli kubwa, kwa hiyo reli ilianzia Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari mpya ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, ikafunguliwa mwaka 1954, nayo reli ikaunganishwa nayo. Tawi la Masasi likafuata mwaka 1958. Lakini tazama tarehe. Mnamo Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mpango mkubwa umeachwa, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Reli na bandari zilikamilika kwa ajili ya shehena isiyokuwapo tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ilifungwa, mataruma na vyuma vikang'olewa. Likabaki tuta, yakabaki makaravati na misingi ya mawe.

Si kweli kwamba kila kitu kiliachwa kioze. Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi mashamba, majengo na mashine, likaendelea kulima kwa kiasi cha busara zaidi. Na mahali panapojulikana hadi leo kwa jina la Farm 17, jina lililotokana na hesabu ya mashamba ya karanga, palikuwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Shamba lililokusudiwa kuwapa Waingereza mafuta liliwapa Wamsumbiji jeshi. Katika historia ya nchi yetu sijui mfano mkubwa kuliko huu wa kitu kilichotolewa katika kazi moja kikatiwa katika nyingine.

Sasa tuje kwenye meza. Mtu wa sehemu hizi akitaka kuijenga chini ya mkorosho wake, jambo la kwanza ni kuchagua jiwe. Mawe ya Nachingwea na Ruangwa ni ya kale sana, yaliyopikwa na kukandamizwa ardhini, na mengi hupasuka kwa tabaka. Hiyo ni bahati kwa atakaye jiwe bapa. Lakini Ruangwa ni nchi ya kinywe, na jiwe lenye kinywe halifai meza: ni laini, humeguka, na huacha weusi mikononi na katika nguo. Jiwe la msingi wa zamani ni bora, kwa kuwa mwashi mwingine amekwisha kulichagua. Jiwe lenye urefu wa meta moja na nusu, upana wa sentimeta 75 na unene wa sentimeta tano lina uzito wa kilo 150 na zaidi. Watu wawili hawalibebi bila kujuta.

Jiwe hustahimili kukandamizwa, halistahimili kupindwa. Kwa hiyo fremu isiwe miguu minne tu yenye ukingo wa kuzunguka. Lazima pawe na vyuma viwili au vitatu vya kukatiza chini ya jiwe, karibu karibu, ama sivyo litapasuka katikati siku mtu atakapolikalia. Kipande cha reli hufaa sana kwa miguu, kwa kuwa chapa yake ya chini ni pana na haizami ardhini. Mafundi wa zamani walikata chuma kwa tindo na moto wa mkaa, wakaunga kwa ribiti. Wa sasa huchomelea. Adui wa meza hii ni maji yanayokaa baina ya jiwe na chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na polepole huliinua jiwe na kulivunja. Fundi mwangalifu husugua chuma hadi king'ae, hupaka rangi ya kuzuia kutu, kisha hulilaza jiwe juu ya vipande vidogo vya mpira wa gurudumu, ili upepo upite.

Wako wenzetu wanaosikitika wakiona mabaki yakichukuliwa hivi. Wasema ni uharibifu wa ushahidi. Huzuni yao naielewa, lakini naona imeelekezwa pasipo pake. Waomani walipoijenga upya Gereza ya Kilwa Kisiwani, karibu na mwaka 1800, waliitumia ngome ya Wareno ya mwaka 1505. Ngome Kongwe ya Unguja imemeza kuta za kanisa la Wareno. Kwa kutumiwa tena, vitu hivyo vimetufikia. Kinachoangamiza ushahidi ni biashara ya chuma chakavu, ambayo hupima kwa kilo na kupeleka kila kitu tanuruni. Reli iliyo mguu wa meza imeokoka. Iliyoyeyushwa kuwa nondo haitasema neno.

Nayo ina neno la kusema. Viwanda vya reli vina desturi ya kuchapa jina la kiwanda na mwaka kwa herufi za kuinuka katika shingo ya chuma. Kwa herufi hizo mtu aweza kujua kama chuma kilifuliwa kwa ajili ya Jimbo la Kusini au kililetwa kikiwa kimekwisha tumika kwingine, na hilo ni swali la haki kuhusu namna pauni zile zilivyotumika. Kwa miaka mingi sasa imezungumzwa reli nyingine, ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay; watakaoipanga wangefaidika kujua ya kwanza iliundwa na nini. Kazi yenyewe haina gharama: brashi ya waya, karatasi nyembamba na kipande cha mkaa. Huwekwa karatasi juu ya shingo ya reli, hupakwa mkaa polepole, na herufi hutokea. Kisha huandikwa kijiji, tarehe, na jina la mwenye meza kama amekubali.